Sauti ya Binti wa Magamba

Jumatatu, 2 Septemba
Suruali tatu za shule, gauni moja la sendofu. Cherehani imekata uzi mara nne. Saa tisa nimefunga kibanda hapa Mwanga, nikaenda Katubuka kwa mwalimu Zuhura.

Anachora katuni kwenye kompyuta. Ni hadithi ya zamani: binti alizaliwa na magamba ya samaki, kijiji kikamfukuza, akaenda ziwani, samaki nao wakamkataa. Picha tayari. Bado sauti. Ya binti ni yangu. Mimi, fundi wa kushona, miaka arobaini na moja. Siamini bado.

Kanionyesha kipande. Binti anazama, magamba yanashika mwanga moja moja. Nilisahau kufunga mdomo. Mtu kachora hivi kwa mkono wake, katika chumba chenye ndoo za maji.

Jumatano, 4 Septemba
Tumerekodi. Friji imezimwa, magodoro ukutani, vitenge vyangu dirishani, kelele zisiingie. Nimeharibu.

Zuhura ni wa Tanga, Kiswahili kinamtiririka. Mimi Kiha kimo kwenye kila neno. Chuoni Morogoro walinicheka miaka miwili. Tangu hapo nikiongea na wageni nabana sauti. Leo nimebana mpaka taya zinauma. Zuhura kasikiliza, kisha kasema taratibu, "Dada Editha, unanisomea taarifa ya habari."

Nimerudi na hasira. Kwake Kiswahili rahisi, kazaliwa nacho.

Ijumaa, 6 Septemba
Mara ya kumi na moja kurekodi. Sehemu ya mwisho, ngumu kuliko zote. Asubuhi binti anatoka majini, hajafunika magamba, anawasalimu waliomfukuza. Wao kimya. Basi, imeisha.

Kwenye karatasi imeandikwa "Shikamooni." Nilikuwa nimechoka. Likanitoka "Mwakeye," salamu yetu Waha ya asubuhi, kwa sauti yangu ya jikoni. Nikaomba radhi. Zuhura akavua hedifoni, akasema hiyo hiyo. Tukarudia na mengine yote, bila kubana.

Jumanne, 10 Septemba
Habari mbaya. Waliotoa fedha za kazi hii wamesikiliza. Picha wamezipenda. Sauti wanasema ya kishamba, wanataka mtangazaji wa Dar es Salaam. Zuhura kabishana nao mpaka wamekubali jambo moja: Jumamosi katuni ionyeshwe Ujiji kwa sauti yangu, wao wakiwepo, ndipo waamue.

Nimeumia. Nimekata mkono wa blauzi ya mteja kinyume. Nataka sauti yangu ibaki. Sikujua naitaka kiasi hiki.

Jumamosi, 14 Septemba
Saa kumi jioni. Ukumbi umejaa, mapazia yamefungwa. Nimekaa na mama, nimemleta kutoka Rusimbi. Hajawahi kuona katuni. Kiswahili anajua cha sokoni tu. Sikumwambia sauti ni ya nani.

Ukuta mzima ukawa ziwa. Ziwa letu, na milima ya Kongo ng'ambo. Binti akafungua mdomo, nikasikika mimi. Mama akanishika paja.

Ikafika ile asubuhi. Binti akatoka majini na magamba yake yote, akasalimu. Wanakijiji kimya.

Kwetu salamu haiachwi hivi hivi. Mama akainuka, akanyoosha mikono miwili, akaitika, "Mwakeye, mwana wanje." Mwanangu, kamwita. Jioni ile, anaitikia asubuhi ya katuni. Niliona haya, nikataka kumvuta aketi. Kabla sijamgusa, mzee mmoja nyuma akaitika. Halafu wanawake wa pembeni. Halafu ukumbi wote, watu wamesimama, mikono imeelekezwa ukutani, wanamwitikia mtoto wa kuchorwa.

Nimelia mbele za watu. Sijawahi kuona kitu kama kile maishani mwangu.

Jumapili, 15 Septemba
Zuhura kapiga simu. Sauti inabaki. Anasema wale wenye fedha nao walisimama wakaitika, na mmoja hata hajui aliitika nini.

Baada ya misa nimekwenda kwa mama. Tumechambua dagaa kibarazani. Akaniuliza yule mtoto wa magamba jana alilala wapi.

Nikamwambia, "Kwangu, mama."

Akasema vizuri, akaendelea kuchambua.