Tanuri Lisifunguliwe Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeaibika mbele ya Purity, rafiki yangu anayenisaidia kuchochea tanuri. Warumi wa kale hawakupuliza mabakuli yao ya glasi yenye maua, haya ninayojaribu kuyaiga — walifunga pamoja vijiti vya glasi za rangi, wakavipasha moto, wakavivuta hadi vikawa vyembamba kama penseli. Kisha wakavikata kama karoti. Kila kipande kina ua lilelile ndani! Na mimi nikafunga vyangu kwa nyuzi za mgomba. Miaka kumi na miwili ya kufunga miraa hapa Laare, mikono haijasahau. Nyuzi zikaungua, vijiti vikatawanyika, majivu yakaganda ndani. Purity akacheka mpaka akakaa chini: "Gatwiri, unafunga miraa ya kangeta ama glasi?"

Pumbavu! Kesho natumia waya.

Alhamisi, 6 Machi

Waya umekubali. Maua mia mbili ya kijani na kahawia, yote ya glasi ya chupa za bia. Nimeyapanga, yakayeyuka na kushikana kuwa sahani moja.

Nilikuwa nazima moto Gitobu alipoingia na panga. Ndugu yangu wa tumbo moja! Ati nibomoe tanuri, apande miraa. Kona hii baba alinipa mbele yetu sote, na Gitobu mwenyewe alikuwapo, akanywa chai.

"Msichana anaolewa. Toka kwa shamba ya baba!"

Nikamwambia nina miaka arobaini na sijaolewa, angoje. Akanizaba kofi. Nikampiga mdomoni na chuma cha moto. Jino lake moja liko hapa mezani. Sijutii.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelaza sahani juu ya kibumba cha udongo, cha mviringo kama bakuli lililopinduliwa. Moto ukailegeza, ikashuka pande zote. Bakuli! Sasa nimeliziba humo tanurini. Lipoe polepole hadi Jumapili saa sita mchana. Likiguswa na baridi kabla, litapasuka.

Gitobu ametangaza sokoni kwamba Jumapili, watu wakiwa kanisani, atabomoa.

Siendi kanisani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimenoa panga. Purity anasema nimwachie Mungu. Nimemwachia Mungu huyu Gitobu miaka mingi.

Jumapili, 9 Machi

Amekuja saa sita kasorobo, na sururu. Alianza kwa kuvunja vikombe vyangu vyote, na mtungi, na sufuria akaitoboa — huku anacheka na lile pengo lake. Purity akapiga nduru. Kisha Gitobu akainua sururu juu ya tanuri.

Nikamkata pajani. Kwa nguvu zangu zote! Damu iliruka hadi ukutani. Akaanguka kama gunia.

Purity amekimbia kutafuta gari. Nimemfunga Gitobu jeraha kwa leso, vibaya, inalowa tu. Ilipofika saa sita nilifungua tanuri. Ndiyo, nilimwacha chini nikafungua. Limetoka zima! Maua yote mia mbili, hakuna hata ufa. Nimelia kwa sauti.

Gitobu ananiita dada. Neno hilo sijalisikia tangu tumzike baba. Anaomba maji. Pipa la maji limejaa, lakini kila chombo cha kuchotea alikivunja mwenyewe. Kilichobaki ni bakuli, na bado lina joto. Maji baridi yatalipasua.

Anaomba tena.