Mtungi Wenye Alama ya Chokaa

Mama Melania, shikamoo. Mimi ni daktari wa afya, nimepewa vita ya mbu katika vijiji vya upande wa Masumbwe, na kila wiki nawaandikia wakubwa wangu barua, leo naomba mapipa ya mafuta ya kumwaga kwenye mashimo yaliyoachwa na wachimba dhahabu, kesho naeleza ni nyumba ngapi zimepuliziwa dawa, na jibu huwa mstari mmoja tu, barua yako imepokelewa. Hii ni ya kwanza ninayoandika kuhusu mimi mwenyewe, nawe usiponijibu hapo gazetini kwako sijui nimwandikie nani.

Mimi si wa huku, nimetoka Songea, nimelelewa bweni la misheni tangu utoto, na nilipofika hapa na mke wangu Serafina na binti yetu Klara, mwaka juzi 1953, watu walitupokea vizuri, walituletea karanga na viazi, wakanipa na jina, Bwana Mbu, nami nikalipenda. Kazi yangu huijui labda. Naingia kila nyumba, naandika namba mlangoni, vibarua wangu wanapulizia dawa kuta na dari, nami nachungulia mitungi ya maji, na nikikuta viluwiluwi namwaga maji na kuutia mtungi ule alama ya chokaa shingoni pamoja na namba ya nyumba, ili mwenyewe akumbuke kuufunika.

Mwaka jana mwezi wa Machi tulifika nyumba namba arobaini na moja, ya mzee Maige, ambaye alikuwa amezikwa siku mbili nyuma, na watu bado wamelala matanga, lakini orodha yangu ilisema ni siku ya nyumba ile na bomba la kupulizia dawa lilikuwa linatakiwa Kahama Jumamosi, basi nikawaamuru wote watoke na mikeka yao. Mjane wake, Mbuke, akanijia taratibu akasema, "Baba, leo hata mbu tumewasahau. Njoo kesho." Nikamjibu kwamba mbu hangoji kesho. Kulikuwa na mitungi saba imepangwa ukutani, viluwiluwi niliviona katika mmoja tu, nikautia alama, lakini kwa haraka niliyokuwa nayo nikamwaga yote saba, na yule mama akakaa chini juani mpaka tulipomaliza.

Tangu siku hiyo, Mama Melania, sina mtu. Nikiwasalimu kwa lugha yao, mwangaluka, hata ng'ombe hunitazama zaidi ya mchungaji wake. Sikuwahi kwenda kwenye msiba wa mtu hapa, sikatai, maana siku za kuzika nilikuwa mashimoni na kata yangu nikichota maji kuhesabu viluwiluwi, nikijiambia nikimaliza mbu watakufa watu wachache na misiba itapungua yenyewe.

Mwezi uliopita Klara alishikwa na homa. Ana miaka minne, nilitaka kuandika alikuwa na miaka minne. Nilimchoma kwinini kwa mkono wangu, siku ya tatu degedege likamchukua saa nne asubuhi, mimi ambaye nina darubini ya kuonea vijidudu mezani na jina la mbu kwenye jina langu. Kaburi nililichimba na vibarua wangu wawili, Onesmo na Athanas, katekista akaja kwa baiskeli akasali akarudi, na hakuna mwingine aliyetokea, Serafina akakaa kwenye mkeka peke yake bila mwanamke hata mmoja wa kumshika bega.

Kisha asubuhi ya pili nafungua mlango nakuta mtungi barazani, umejaa maji, haukufunikwa, juu yake yanaelea majani mabichi, na shingoni una alama yangu, arobaini na moja. Nilijua Mbuke ameniletea mtungi nilioutia alama ili kunisuta, na majani yale nikaona ni uchawi, labda ndio uliomla mtoto wangu. Nikamwaga. Serafina akaniuliza kutoka ndani ni maji gani hayo, nikamwambia machafu, akageukia ukutani.

Sasa wakubwa wamenijibu kwa mara ya kwanza zaidi ya mstari mmoja: wanakubali nihamie Tabora, lori linakuja tarehe thelathini. Serafina amekataa, anasema hamwachi Klara kwa watu wasiomjua, na zaidi ya hilo haongei nami. Mezani kwangu nina barua mbili zimekwisha andikwa, moja ya kukubali uhamisho na ya pili ya kumshtaki Mbuke kwa Mtemi. Nizipeleke zote? Na mke wangu nimchukue kwa nguvu? Naomba unisaidie, upweke huu unanimaliza.

Bwana Mbu, Masumbwe


JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Pole sana kwa Klara. Nimemwomba mhariri barua yako itangulizwe mbele ya za wengine, kwa kuwa lori halingoji, kama mbu wako.

Kwanza niseme hili ulisikie: kwinini ulimpa, ukamkesha, homa ikashinda. Huwashinda hata madaktari wenye nywele nyeupe. Usijiue kwa hilo.

Lakini kwa hili lingine nakugombeza, na usiniangalie vibaya. Umehesabu viluwiluwi vya nchi nzima, ukashindwa kuhesabu watu waliolala kwenye mkeka wa msiba! Ulimtoa mjane juani siku ya pili ya kumzika mumewe kwa sababu ya bomba. Mmoja ulikuwa wake, na ile sita mingine unadhani ilikuwa ya nini? Huko kwenu bwenini hamkufundishwa. Nyumba ikifiwa, wanawake wa jirani humletea mfiwa maji na kuni, ili asitoke kwenda kisimani na machozi yake. Ulimwaga pole za wanawake sita, kisha ukawashangaa kwa kutokuitika salamu. Huku watu humzika anayezika, wala hawana siri katika jambo hilo.

Sasa niambie, mtungi wa barazani kwako ulikuwa wa nini?

Mimi nimekulia Tinde, nimechota maji ya lambo tangu nikiwa na kimo cha jembe. Mwanamke akijaza mtungi huweka tawi la majani juu ya maji, ndipo autwike kwenye ngata, ili yasimruke njiani na kumlowesha. Huo ndio uchawi wako. Majani yakiwa mabichi maana yake alichota asubuhi ileile, kabla hujaamka. Na huyo si mwingine ila Mbuke, ambaye wewe ulimwaga maji yake ya msiba. Kijiji kizima kilikaa nyumbani, yeye akaja. Ameleta mtungi wenye alama kwa kuwa labda ndio alio nao, hakuna cha kukusuta hapo. Mara ya pili ukammwagia.

Barua ya Mtemi ichane. Usiifiche sandukuni, ichane na vipande utie jikoni. Ya uhamisho iache hapo mezani mpaka umalize nitakayokwambia, na ukithubutu kumpandisha Serafina kwenye lori kwa nguvu usiniandikie tena. Mama aliyezika hakai wala haondoki kwa amri.

Mtungi bado uko kwako, sivyo? Uoshe. Uende kisimani mwenyewe, usimtume Onesmo wala Athanas. Najua mwanamume na mtungi kichwani atachekwa, na wewe utachekwa sana, tena utalowa. Acha wakucheke, ni miezi mingapi hujasikia mtu akicheka karibu yako? Weka na majani. Upeleke nyumba namba arobaini na moja, uutue, ukae chini, na neno mbu lisitoke kinywani mwako. Mama yule akikuuliza umekuja kufanya nini, sema, "Mayu, mama yangu, nilimwaga. Nisamehe." Akikufukuza, rudi kesho yake. Na jembe litakaposikika likichimba kaburi popote kijijini, nenda ukazike, mbu watangoja. Siku nyingine endelea na kazi yako, ni kazi njema, na mitungi watu waifunike.

Lakini kabla ya kisima, kabla hata ya kuosha mtungi, liweke gazeti hili chini uingie ndani. Mkeo amekaa mwezi mzima akiamini mtoto wake alizikwa na hakuna jirani hata mmoja aliyesikitika. Unayejua kwamba sivyo ni wewe peke yako, nawe umelijua sasa hivi. Kaa naye kwenye mkeka umwambie alikuja mtu. Kisha umwambie ulichokifanya.

Mama Melania