Mgunga Wako Nimeukata, Hooyo

Hooyo,

Nianze na lenye kuuma, maana nikianza na salamu ndefu utajua tu kwamba kuna kitu nakuficha. Mgunga wako nimeukata. Si Hassan, ingawa nusu ya mtaa wetu wa Waberi wanadhani ni yeye kwa kuwa ndiye mwanao na ua ni wake. Hassan alikuwa safarini na lori. Watu wa shoka niliwaita mimi, nikawalipa mimi, na chai nikawapikia mimi. Na korongo wako walikuwa bado na makinda juu.

Uliniomba jambo moja tu. Ulikuwa umelala mkekani hapo barazani, homa imekumaliza sauti, ukanishika mkono ukasema kwa lafudhi yako ya Kisomali, ambayo Zuhura haikuiweza kamwe, "Suhura, ngoja hii mitoto iruke kwanza. Baadaye fanya unabenda." Nikasema sawa, Hooyo. Nilisema haraka, ili upumzike. Ungeniambia nisiukate abadani, leo ningekuwa na la kujitetea, ningesema mama mkwe alinionea. Lakini ruhusa ulinipa. Uliomba muda tu, na huo muda ndio nikakunyima.

Unajua nilivyowachukia ndege wale. Tangu Hassan aliponileta kutoka Lamu akanifundisha kukuita Hooyo, yaani mama, nikiwa bibi harusi na kanga zangu mpya, kitu cha kwanza kuniangukia kichwani katika ua huu kilikuwa kipande cha utumbo uliooza. Nikaangalia juu, nikaona jitu lenye upara na mfuko mwekundu umening'inia shingoni, linanitazama kama vile mimi ndiye niliyeingia bila hodi. Ulicheka sana siku ile. Mimi nililia. Nikaanika nguo, zikanyewa. Nikafunika pipa la maji, wakalikalia. Kiatu cha Hassan, kile cha ngozi, kilimezwa na korongo mbele ya macho yangu, na wewe ukamlaumu Hassan kwa kuacha viatu nje.

Nilikuwa nikisema mbele yako kwamba kwetu ndege wa uani ni kuku na njiwa, wengine wana kwao porini. Ukanijibu siku moja, huku unaosha kwenye ndoo yako matumbo ya mbuzi ya kwenda kuuza, kwamba ulipofiwa na mifugo yote ulikuja mji huu kwa miguu ukafuata machinjio, na ndege hawa nao walifuata machinjio. "Mimi na hii ndege tulikuja Garissa sababu moja. Njaa. Sasa nani afukuze nani?" Nikanuna mpaka jioni.

Na hukuishia maneno. Watoto wa mtaa wote walikuogopa kwa manati. Wanaume wa machinjioni uliwasumbua mpaka wakakubali kumwaga taka upande wa pili, mbali na mbwa, ili ndege wapate kula kwa raha. Yule mfugaji aliyetia sumu kwenye mzoga wa mbuzi ili aue fisi, ulimfuata mpaka sokoni ukamtukana kwa Kisomali, kisha ukarudi ukauzika mzoga wenyewe kwa jembe letu. Watu walikucheka. Hakuna aliyekutuma, hakuna aliyekupa hata asante.

Halafu ile siku ya kamba. Korongo alikuwa amenasa mguu kwa kamba ya nailoni, umevimba, anachechemea uani. Ukambana mdomo kwapani kama mtu anayebeba mwavuli, ukaniita nilete wembe. Mimi, Zuhura, ambaye simgusi hata kuku kabla hajanyonyolewa. Nilikata ile kamba, na ilipoachia tu akanipiga bawa la uso nikaanguka chali kwenye majivu. Ulicheka ukakaa chini. Mimi nami nikacheka. Nadhani siku hiyo tulipendana kweli, wewe na mimi, lakini hatukuambiana.

Sasa nikwambie kwa nini nilikata, na usidhani natafuta huruma. Harusi ya binti yetu Ruqia tuliisogeza mbele kwa ajili ya msiba, tukasema iwe baada ya arobaini yako. Mjukuu wako alikuwa anaolewa, na ndugu zangu wa Lamu walikuwa wameahidi kuja. Mama yangu, dada zangu, shangazi yangu yule mwenye jicho la kuona vumbi kwenye maziwa. Miaka yote nimewaandikia kwamba nimeolewa pazuri. Nikaona turubai uani, sahani za pilau, na kinyesi cheupe kinadondoka juu ya buibui la shangazi. Niliona aibu, Hooyo. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Sikuona aibu kwako wala kwa Mungu, niliwaonea aibu watu wa kwetu.

Wale watu wa shoka waliniuliza. Mmoja alikinga mkono juu ya macho akatazama, akasema, mama, kiota hiki kina kitu? Asubuhi ile ile nilikuwa nimewasikia makinda wakililia chakula, sauti yao ile ya mlango usiotiwa mafuta. Nikamwambia, hamna, ni kiota cha zamani. Nikaingia jikoni nikawasha redio.

Makinda walikuwa wawili. Mti ulipoanguka, mmoja alikufa palepale. Wa pili alivunjika bawa, akabaki amekaa vumbini na manyoya yake nusu, mdomo wazi, ananitazama mimi kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Nikakimbia machinjioni na ndoo yako, ile ile ndoo, nikaomba matumbo. Nilimkatia vipandevipande. Alikula siku ya kwanza, akala na ya pili, nikaanza kupata moyo. Kisha akaacha. Ruqia alimkuta asubuhi amelala ubavu chini ya ukuta, akalia, akaniuliza kama wewe ungekuwepo ungefanya nini. Nikamwambia akaoshe vyombo.

Wazazi wao walirudi. Walisimama juu ya bati la choo, wawili, na vyakula shingoni, wakitazama mahali ambapo hapana kitu. Walirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Nilikuwa nikienda chooni nimejifunika uso kama mwizi.

Na ndugu zangu wa Lamu hawakuja. Njia iliharibika, basi lilishambuliwa na majambazi, wakaleta salamu kwamba wanaogopa. Waliokaa chini ya turubai langu safi walikuwa watu wa Waberi wale wale, na ndugu zako waliotoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, wote watu waliokula pilau chini ya korongo maisha yao yote wasione ajabu. Mzee mmoja wa Dagahaley alitazama juu, akatazama kisiki, akaniuliza kwa upole, akikutaja kwa jina lako, "Ndege ya Dahabo iko wapi?" Nikamwongezea nyama kwenye sahani.

Ningeweza kuishia hapo, nikabaki na aibu yangu mwenyewe ndani ya ua wangu. Lakini yamezidi. Wiki ya pili baada ya harusi jirani wa nyuma alikata mti wake. Kisha wa kona, yule muuza mafuta ya taa, naye akakata. Walikuwa wakivumilia kwa sababu yako, Hooyo, sikujua. Walikuwa wanaona haya kukata wakati mama mzee wa mgunga ule anapita kila asubuhi na ndoo. Sasa wanasema, ikiwa hata nyumbani kwa Dahabo wamekata, sisi ni nani tuendelee kuoga kinyesi?

Umebaki mti mmoja mtaa wetu, ule mkubwa wa Mzee Dubow, mfanyabiashara wa ngamia. Una viota vinne na vyote vina makinda. Nikasikia naye ameagiza watu wa shoka. Nikavaa buibui nikaenda. Nilijitayarisha maneno mazuri, unanijua kwa maneno. Nikamwambia ndege hawa wanasafisha mji, wanakula uvundo ambao ungetuletea kipindupindu, na makinda ni viumbe vya Mungu. Maneno yako yote, nimeyanyoosha tu Kiswahili. Alinisikiliza mpaka mwisho, mzee wa watu, hakunikatiza. Kisha akasema, "Mama Ruqia, wewe ulingoja?"

Nilitaka kusema sikujua kama kulikuwa na makinda. Lilikuwa limeshanifika mdomoni, na wewe hupo wa kunikanusha. Nikasema, sikungoja. Nilijua wamo, na nilikuwa nimemwahidi marehemu, na nikakata. Nililisema mbele ya wake zake na wachunga ngamia wake. Wallahi nilitamani wanitukane.

Mzee Dubow akasema kinachomuudhi ni uchafu, wake zake wamechoka kufagia. Nikasema nitafagia mimi. Akadhani natania, binti wa Lamu mwenye hina mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia anipe ufagio.

Basi ndiyo kazi yangu siku hizi. Baada ya swala ya alfajiri naenda kwa Mzee Dubow, nafagia chini ya mti, namwaga majivu, nasugua pipa lake la maji. Naokota mifupa na vitambaa na vitu vingine ambavyo sitakutajia. Wake zake walinicheka siku za mwanzo, sasa mdogo wao ananiachia chai. Hassan ananuna, anasema namtia aibu. Nimemwambia aibu hii ni yangu, ajitafutie yake. Kiuno kinaniuma na nanuka, Hooyo, na korongo hawana hata adabu ya kusubiri niondoke.

Makinda wameanza kupiga mabawa wakiwa wamesimama ukingoni mwa kiota. Mawingu yameonekana upande wa chini wa mto. Mzee Dubow amenipa neno lake kwamba hatakata mpaka mvua ishike, hakunipa zaidi ya hapo, na mimi sikuthubutu kuomba zaidi.

Nakuombea dua kila swala, Mungu akupanulie kaburi na akupe raha. Lakini radhi yako siiombi leo. Nimezoea kuomba kwa maneno, na maneno nilikupa ukiwa mkekani. Nitakuomba siku ile viota vyote vinne vitakapobaki vitupu, na waliomo wametoka kwa mabawa yao.

Mkaza mwanao,
Zuhura