Bwawa la Baba Yako Lilipopewa Daraja la Juu

Wifi yangu mpenzi Asha,

Haya ningeweza kukunong'oneza, lakini kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Kwa hiyo naandika wazi, asome kila mtu.

Unakumbuka nilipoolewa na kaka yako, ukanishika mkono ukanipandisha juu ya tuta la bwawa? "Udongo huu wote kaubeba baba kwa pakacha," ulinambia. Tangu hapo tukawa watu wa bwawa, mimi nyumba ya juu, wewe na Hamad wako nyumba ya chini, bondeni, kwenye kiwanja ulichorithi. Mpunga tulipanda pamoja na kuvuna pamoja. Kaka yako alipofariki, ulikaa nami eda nzima, ukinisuka nywele kama mtoto.

Masika yaliyopita, mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha, alikuja binti mmoja mhandisi kutoka Wete kukagua mabwawa ya watu binafsi. Siku hiyo ulikwenda Chake sokoni. Alilipitia tuta lote, kisha akachuchumaa upande wa chini, pale panapochuruzika, akakinga maji kiganjani.

"Bi mkubwa, maji haya yanatoka na udongo," alisema. "Tuta linaliwa kwa ndani."

Akalitazama paa lako.

"Pangekuwa na mpunga mtupu hapo chini, ningeandika hatari ndogo. Lakini pana watu. Hili ni daraja la juu la hatari."

Akaniagiza tupunguze maji siku ile ile, na nyinyi mhame mpaka tuta litengenezwe. Nikaitikia.

Uliporudi, hata kikapu hujakitua, ukaniuliza, "Kasemaje?"

"Kaliweka daraja la juu," nikasema.

Wallahi nilikusudia kuendelea. Lakini uso wako ulikunjuka, ukacheka. "Si nalikwambia miye? Kazi ya baba hiyo." Ukamwita Hamad umhadithie, naye akasema, "Alhamdulillahi, mzee alikuwa fundi." Mlifurahi kama watu waliotunukiwa. Nami nikauma ulimi. Mpunga ndio kwanza ulikuwa unachanua, na tungeyatoa maji ungekauka wote. Nikajiambia, tukishavuna nitawaeleza. Nilijua ninachokifanya, wifi. Kila nilipomwona Hamad akikatiza chini ya tuta, niliutazama mpunga, na bado sikusema.

Siku ya tano baada ya ukaguzi ilinyesha tangu alfajiri. Ulikuwa jikoni kwangu unakuna nazi, Hamad kashuka kumfungua ng'ombe. Tulisikia mlio mdogo tu, kama gari linalomwaga mchanga.

"Nini hicho?" ukauliza.

Mimi nilishajua.

Tulimpata alasiri, mwisho kabisa wa bonde, kamba ya ng'ombe imemzunguka mkononi. Nyumba yako hatukuikuta hata msingi.

Matangani kila mtu alisema ni kadari, nami nikatikisa kichwa kukubali. Wewe ukanambia, "Hata lile daraja la juu halikumfaa Hamad." Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nikakukumbatia, nikanyamaza mara ya pili. Eda yako ilipokwisha nikakusindikiza Mkoani, ukapanda boti kwenda kwa mwanao Unguja, na hata pale gatini ulikuwa unanihimiza nile, maana nimekonda.

Sasa bonde ni tope lililokauka na kupasuka. Hakuna aliyepanda. Watu wananipa pole njiani, nami nazipokea kama haki yangu. Nikimwombea Hamad, dua siimalizi. Kila Ijumaa unapiga kuniuliza hali, na mimi naitazama simu mpaka inyamaze.

Hukudanganywa na baba yako, Asha. Hukudanganywa na yule binti. Ni mimi niliyekupa nusu ya neno, nikakuacha ulifurahie.

Msamaha sikuombi. Nakujua upole wako. Ungenisamehe kabla hujakasirika, na mimi nimeshakunyang'anya vya kutosha. Kasirika kwanza, hata ikikuchukua umri mzima. Nakuaga kwa salama, na Mungu amrehemu Hamad.

Mke wa marehemu kaka yako