Kuku wa Doudou na Kuni za Mkaratusi

Rhoda, Doudou kaumbuka! Yule yule aliyemnyang'anya Atuganile kazi ya kuchoma kuku wa harusi!

Wiki nzima alikuwa anachungulia Atu anatumia kuni gani. Atu akamwona. Akarundika kuni za mkaratusi mlangoni azione, uani akachomea kuni zake za siku zote.

Leo hapa Umbilo, kuku wa Doudou wamezungushwa juu ya moshi wa mkaratusi tangu asubuhi. Eish! Mama wa bibi harusi akatafuna, akatema.

"Hii ni kuku ao dawa ya kifua?"

Katema, Rhoda! Mbele ya pasta!

Doudou akamgeukia Atu: "Dada, umenidanganya!"

Atu akamjibu: "Nilikuambia nini mimi? Ila nikishikwa na mafua, kaka, nimejua pa kununua dawa."