Namba Iliyoganda Ukutani

Jutial, Gilgit
18 Agosti 2021

Mpendwa Kaka Didar,

Salamu zangu zikufikie huko Muscat, wewe na wenzako wa chumbani. Mgongo wako umepoa? Mara ya mwisho ulisema unalala sakafuni kwa sababu ya maumivu, na tangu siku hiyo mama yangu huniuliza habari zako kila tukiketi kunywa chai. Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa vumbi likipanda, kama kawaida yake. Mimi nala, natembea, naenda kazini. Kulala ndiko kumenishinda.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu nikikupigia simu mama yangu huwa kando, na nikianza tu kusema jambo la maana hunipokonya. Barua hii anakuja nayo Mehrban, mtoto wa fundi cherehani. Mpokee vizuri, hajawahi kutoka nje ya milima.

Umesikia kwamba mafuriko yamepita Sholmat, kijijini kwenu. Hukuambiwa yote.

Unaijua kazi yangu, ingawa ulizoea kunitania kwamba nimeolewa na seva. Ile seva ya ofisini ni chuma kimoja tu, kinaendeshwa na mfumo wa Linux, lakini ndani yake nimeunda kompyuta pepe kadhaa, na kila moja hujiona ina mwili wake. Moja inapokea vipimo vya maji kutoka lile ziwa lililozibwa na barafu juu ya Sholmat. Nyingine inaamuru ving'ora vya kijijini. Nyingine zina kazi ndogondogo. Zote zinachota nafasi kwenye diski ileile, kama ndugu wanaotumia ghala moja, na kila mmoja ameahidiwa zaidi ya kilichomo, kwa kutumaini kwamba hawatajaza wote siku moja.

Mwezi uliopita walikuja wageni kutoka Islamabad. Mkuu wetu, Iqrar Sahib, akaniagiza niunde kompyuta pepe nyingine ya kuwaonyesha picha za ziwa, zikimiminika papo hapo. Nikamwambia diski haitatosha. Akasema wageni ni wa siku moja tu, tutabana. Si mtu mbaya, Kaka. Alikuwa anaomba vifaa zaidi kwa ajili ya mabonde mengine, na alitaka wavutiwe.

Mchana ule nilisimama nyuma ya wageni nikitazama skrini ya ukutani. Iqrar Sahib alikuwa anawaeleza kwamba ziwa limetulia, akiwaonyesha kimo cha maji. Nami nikaona kwamba ile namba haikutikisika tangu walipoketi. Jua la Julai likiwaka juu ya barafu, maji hayawezi kutulia hivyo. Hupanda kidogo, hushuka kidogo.

Nikaenda kwenye meza yangu nikaita orodha ya kompyuta pepe. Ya vipimo ilikuwa imesimamishwa. Ya ving'ora pia. Picha za wageni zilikuwa zimeijaza diski mpaka ukingoni, na seva ilikuwa imezigandisha zote mbili kwa kuwa hazikuwa na pa kuandika. Ukutani tulikuwa tunasoma habari ya zamani.

Nikaifuta ile ya wageni bila kuomba ruhusa. Picha zikazimika mbele yao. Iqrar Sahib akaja akainama sikioni mwangu, akasema taratibu, "Binti, mbona unaniaibisha?" Nilikuwa naziamsha zile mbili. Vipimo vilivyokuwa vimekwama vikaingia kwa mkupuo, na kila kimoja kilikuwa chini ya kilichotangulia. Ziwa lilikuwa linashuka. Maji yalikuwa yamepata njia chini ya barafu.

Iqrar Sahib ndiye aliyesema, "Piga king'ora," kabla sijafungua mdomo. Kisha akawageukia wageni akawaomba radhi, na wala hakunitupia mimi lawama.

Nikampigia mama yako huko Sholmat. Nilikuwa najua hatoki.

"Nilofar, mwanangu," akaniambia, "king'ora chako cha mwaka jana kilinikimbiza mpaka kwenye malisho, na goti hili. Nikarudi, mto umelala kama paka, mvua imeniozeshea matunda yangu ya aprikoti niliyoanika. Leo paa zima limejaa. Mwambie huyo king'ora aje anianulie."

"Shangazi, mwaka jana tulikisia. Leo nayaona maji yanaondoka."

Nilisikia kuku wake.

"Yanakwenda wapi?"

"Kwako."

Akakata simu. Baadaye nikaambiwa alipanda mlima akiwa amemshika mkono bibi kipofu wa jirani, na wala hakutazama nyuma.

Maji yalifika kabla ya alasiri. Yamechukua daraja, kinu, na mashamba yote ya miti yaliyo bondeni. Jiko la mama yako na zizi havipo. Chumba cha juu kimesimama, tope liko mpaka dirishani. Na Piar Ali, aliyekufundisha kuogelea, alikuwa amekwisha kutoka salama, akarudi kumfungua ng'ombe wake. Walimpata mbali sana huko chini. Hilo mama yako hakukwambia, alisema una kazi ya juu kwenye majukwaa ya ujenzi na utatetereka.

Sasa vipimo na ving'ora nimevihamishia kwenye chuma chake, kila kompyuta pepe ina sehemu yake ya diski isiyoguswa na mwingine. Nimeweka pia mlinzi: namba ikikaa bila kutikisika, simu yangu inalia. Inalia nikiosha vyombo, inalia nikiwa msikitini. Isipolia ndiyo naogopa zaidi, nainuka kutazama kama ni nzima. Kila saa nafikiri kuhusu ule muda namba ilipoganda ukutani nasi tukitazama. Muda ule ungemtosha Piar Ali kumfungua ng'ombe na kurudi.

Barafu imekwisha kuziba tena, Kaka. Ziwa linajaa. Mama yako amekataa kuhamia kwetu. Anachota tope kwa beleshi tangu asubuhi na anasema jiko atalijenga palepale. Mimi ananiita mtoto wa mashine. Wewe anakusikia. Njoo, au kama hawakupi ruhusa, mwambie kwa kinywa chako ashuke huku kabla ya joto lijalo.

Nisalimie Sher Afzal na wote wa kwetu mlio nao huko. Mama anakusalimu, na Zeba na wanawe pia. Mungu akulinde huko juu unakofanyia kazi, na aturudishie uso wako.

Mama yako ameniagiza nikuandikie kwamba mambo yote ni mazuri na usiwe na wasiwasi. Nimekataa kuandika hivyo.

Mimi dada yako nikupendaye,
Nilofar