Kikombe Kilichotengwa

Alunguli, Kindu
Tarehe 12 ya mwezi wa sita, 1956

Mupendwa ndugu yangu mudogo Édouard,

Uhali gani hapo Kampene? Na muke wako, mama Claudine, na watoto? Na kifua chako, mavumbi ya mugodi hayajakianza? Usijikaze kiume. Ukikohoa wiki mbili, nenda kwa infirmie akupime. Mimi nilijikaza miaka kumi na tisa kwenye moto wa gari la moshi, na unajua walivyonirudisha nyumbani na pumu yangu.

Barua yako imefika. Unasema nimezidi kushuku watu, na bado hujaenda kwa Désiré kumwambia aje kumuchukua binti yake. Unangoja nini? Mimi njo ninayekaa na huyu Adèle, si wewe. Mutoto wangu Donatien akienda na gari lake Kongolo anakaa siku tisa, nami nabaki na muke wake.

Sikiliza, kisha useme kama nazusha. Kwanza alitoa moto wa kupikia ndani, akaupeleka nyuma ya nyumba. Muzee asiote moto? Halafu muto wangu wa kulalia, ule wa sufi, ukapotea, nikapewa nguo za zamani zilizokunjwa. Halafu kuku wangu, waliokuwa wanalala chini ya kitanda tangu mama Donatien alipofariki, wakafukuzwa. Kila wiki kitu kimoja. Muntu anafukuzwa hivyo, pole pole, ili majirani wasione.

Kumuuliza siwezi. Unajua sisi: baba mukwe hasemi na muke wa mutoto wake uso kwa uso. Chakula anakiweka kizingitini, anapiga kofi, anaondoka. Zamani niliona ni heshima. Sasa sijui.

Kisha kikombe. Nimemuona kwa macho yangu anakifunga uzi mwekundu, anakichemsha peke yake, anakitundika mbali na vingine. Hapo nikaelewa: kile ni cha kuninyweshea mimi, anadhani niko na kifua kikuu, na pengine amekwisha kuwaambia watu. Pumu haiambukizi, Édouard, naye ananitenga nyumbani mwangu. Imeniuma sana.

Tarehe 15

Niliacha kuandika maana vidonge vyangu vya pumu viliisha na pumzi ikakata. Jana nilijikokota mpaka dispansere, nikamwambia infirmie Henri, mbele ya watu, amukanye mukamwana wangu. Akanivuta pembeni. Moto, muto na kuku, yeye njo aliyemwambia Adèle aviondoe, maana moshi, manyoya na vumbi la sufi vinanibana kifua. Adèle angeniambiaje? Alimwachia Donatien maneno, na Donatien, kichwa kile unakijua, akasahau.

Na kikombe si changu, ni chake. Kifua kikuu iko kwake yeye. Sikumwamini Henri, nikataka karatasi. Akanionyesha: jina ni la Adèle, tangu mwezi wa nne anachomwa sindano, asubuhi zile zote nilizosema anazurura sokoni. Alituficha kwa kuogopa nitamurudisha kwao. Henri anasema Adèle aliuliza jambo moja tu: je, nitamuambukiza baba, ambaye kifua chake kimekwisha kuharibika?

Nimeona haya, ndugu yangu. Usiende kwa Désiré. Kama umekwenda, rudi leo leo umwambie nilikosea, binti yake anakaa hapa kwangu. Na umutume mama Claudine aje. Yeye ni mwanamuke, atakaa naye jikoni amufikishie radhi yangu, maana mimi kinywa sina.

Jambo moja sijamwambia muntu. Barua ile ya kwanza niliyokutumia ya kumushitaki, mimi sikuweza kupanda kilima cha posta. Adèle njo aliyeipeleka. Gundi ilikuwa imekwisha, bahasha ilikuwa wazi, naye alijifunza kusoma kwa masista. Jioni ile aliniwekea chakula kizingitini kama kila siku, na samaki alikuwa ametolewa miiba yote.

Nisalimie Claudine na mudogo wake Hamisi, na shangazi Scholastique. Mungu awape pumzi nyepesi, mulale na muamuke salama.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda hata akikugombeza,
Célestin Okito